Kipara Changu cha Wiki ya Vita

Vijana wa siku hizi hapa Lubumbashi wananichekesha. Mtu anatembea barabarani, macho ndani ya simu, anajua nani kapigana na nani ng'ambo ya bahari, lakini hajui kwamba jirani yake wa ukuta mmoja amelazwa hospitali. Ukimwuliza, anakuita mzee kwa Kifaransa: "Vieux, haikutoka mu téléphone." Haikutoka! Hasira zinanipanda hapo hapo. Halafu nacheka, maana nakumbuka kwamba hata sisi, wakati ule Katanga ilipokuwa nchi, tulijaa habari mpaka masikioni na hatukujua lolote.

Ndiyo, tulikuwa nchi, tulipojitenga na Kongo baada ya uhuru. Nchi yenye bendera, stempu, noti na wimbo wake. Redio ya mji ilitupigia ule wimbo kila asubuhi, na baada ya wimbo mtangazaji alitueleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai, kwamba mji umetulia. Alisema hivyo hata siku ambazo mizinga ilichezesha sufuria zetu juu ya rafu. Baba yangu alikuwa na tabia ya kumjibu. "Umetulia wapi, weye? Kuya apa, ukamate hii nyungu!" Kisha anasogeza redio karibu zaidi, asikose hata neno.

Ukitaka habari zenyewe ulikwenda kwa kinyozi. Kiti chake kilikaa barazani mwa duka lililofungwa, karibu na soko la Kamalondo, pamoja na kioo kilichopasuka, kitambaa kilichokuwa cheupe zamani, na mashine ya mkono iliyotafuna nywele kwa kelele. Yule bwana hakunyoa, alitangaza. Kwa habari ndogo mashine ilitembea polepole. Habari ikiwa kubwa, aliinua mashine hewani, akakuzunguka, akakuuliza maoni yako, na ole wako uwe nayo. Wakati ule mtindo ulikuwa mstari wa kunyolewa upande mmoja wa kichwa, tukiuita "raie" kwa Kifaransa, na yeye aliamini kwamba hata mstari una chama. "Unataka ya Rais ao ya ule mwingine?" aliuliza, na hapo pa "mwingine", yaani adui wa Rais wetu kule Kongo, alishusha sauti. Watu wote wa benchi walinyosha shingo kungoja jibu. Sidhani kama Rais mwenyewe alijua ana upande.

Sasa mimi nilikuwa kijana, karani mdogo kwenye ghala la mizigo la reli, na nilikuwa nimependa. Nilipenda vibaya sana, bwana, mpaka nikawa nakosea kuhesabu magunia. Msichana alikaa Kenya. Si ile nchi ya Kenya. Kenya ni mtaa wetu wa hapa hapa mjini, na watu wa nje tukiwaambia tunakwenda Kenya kwa miguu wanatushangaa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Kasai, jimbo la jirani, aliyekuja Katanga akiwa kijana, Mkristo wa kusali kweli, mwenye miwani, na mwenye Kifaransa cha misheni kilichonyooka kuliko suruali yangu.

Na sisi? Sisi tulikuwa watu wa Pweto, kule ziwani. Baba alikuja mjini kwa kazi ya reli akazeekea humo. Mama alifariki nikiwa mdogo. Tukabaki wanaume wawili katika lupango moja, yaani kiwanja chetu na kinyumba chake, tunakula bukari, yaani ugali, yenye mabonge na samaki mkavu, na hakuna wa kutuambia kwamba pazia limeoza.

Shida ilikuwa moja, na haichekeshi, kwa hiyo sitaitia chumvi. Watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa. Majirani waliosali nao kanisa moja waliamka asubuhi wakawaita wageni. Nyumba zilichomwa. Wengi walikimbilia kambini pembeni mwa mji, wakalala chini ya maturubai, wakilindwa na wale askari wa kofia za buluu wa Umoja wa Mataifa, waliotoka nchi mbalimbali. Baba wa msichana alikuwa bado hajatoka nyumbani kwake, ila alikuwa amefunga mizigo. Aliniita dukani, rafu tupu nyuma yake, akasema:

"Mutoto yangu, miye sina na kitu mubaya na weye. Lakini mu hii muji banatuambia kila siku ya kama hatuna ndugu apa. Binti wangu nitamuachia nani? Tunarudia kwetu. Kama baba yako iko na neno, akuye siku ya Mungu, nimusikie na masikio yangu. Kama haiko, tunaenda siye bote, na yeye pamoya."

Siku ya Mungu ni Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilitoka pale nikijua kwamba Jumapili moja tu ndiyo imebaki kati yangu na kumpoteza yule binti kwa maisha yangu yote. Nikawaza, angalau nionekane mtu. Nikaenda kunyoa.

Kinyozi alianza upande wa kulia. Aliufanya vizuri, siwezi kumsingizia. Akauteremsha mpaka juu ya sikio, akachonga mstari wa Rais. Kwenye benchi mzee mmoja akasema redio imetangaza kwamba anga ni letu, ndege za kofia za buluu haziwezi kuruka tena. Kinyozi akainua mashine. Nikajua nimekwisha. "Anga yetu?" akamwuliza mzee. "Nani aliuza, nani aliuzisha?" Kwetu kuuza ni kununua, kuuzisha ndiko kuuza. Kabla mzee hajajibu, ndege ikapita juu ya paa, chini sana, kwa mngurumo uliotupukutishia vumbi la dari shingoni. Ilikuwa ya nani sijui. Kinyozi alikimbia na mashine. Mzee alikimbia na kioo, na mpaka leo nashindwa kuelewa alikitakia nini. Mimi nilikimbia na kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa changu ukiwa tayari kwa harusi.

Kinyozi yule alikaa mtaa wa Katuba. Mchana huo huo barabara ya Katuba ikafungwa, haendi mtu wala harudi. Nywele zangu zikawa zimegawanyika kama nchi yenyewe.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Miguu ilikuwa imemvimba, daktari alimwambia atulie, na wiki nzima hakuwa ametokeza hata pua barabarani. Kile kiti chake cha barazani, ambacho mtaa mzima ulikijua, kilikaa kitupu. Aliniona, akacheka mpaka maji yakamwagika. Alipochoka kucheka akafuta machozi, akaniambia, "Kukaa. Leta wembe."

"Baba, unajua kunyoa?"

"Kidevu yangu nani alikuwa ananyoa, mama yako?"

Akaninyoa chote. Kichwa kikangaa. Baba akakipiga kofi dogo la kuridhika, akasema sasa nimefanana na mtu mwenye akili.

Hapa ndipo utaona hasara ya nyumba isiyo na mwanamke. Mwanamke yeyote wa mji huu angetupigia kelele kabla wembe haujagusa ngozi. Kijana mzima akitokea na kipara cha wembe, ghafla, na hakutoka jela, mtu haulizi: amefiwa. Mtoto wa marehemu ananyoa. Kwetu Pweto ni hivyo, kwa watu wa Kasai ni hivyo. Na tulilijua jambo hilo, tulilijua sana. Baba aliwahi kuninyoa hivyo hivyo tulipomzika mama. Lakini akili zetu zote mbili zilikuwa zimeshakwenda Jumapili, hazikuwa nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilikwenda bombani kuteka maji. Alikuwepo jirani yetu mmoja, mama ambaye kwa habari alishindwa na kinyozi tu. Alitazama kichwa changu. Akatazama kiti kitupu cha barazani kwetu. Akaweka ndoo chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mutoto. Pole sana."

"Aksanti, mama," nikamjibu. Nilidhani anazisikitikia nywele zangu.

Machozi yakamtoka. Nikajiambia, kumbe mama huyu alizipenda nywele zangu kiasi hiki na hakuwahi kusema! Nikambebea ndoo yake mpaka mlangoni, na hilo likamzidishia kilio.

Kazini ikawa vile vile. Karani mkubwa, mtu asiyewahi kunisalimu kabla ya saa nne, alivua kofia akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Wenzangu wa ghalani wakanipa mkono mmoja mmoja, kimya, macho chini. Nikafurahi moyoni. Nilidhani wamesikia habari za Jumapili na wananitakia heri. Mtu aliyependa ni mjinga, jamani, na hakuna dawa.

Jumamosi mchana nilikuwa ndani napiga pasi suruali ya kesho. Pasi yenyewe ya makaa, nzito, inarusha cheche. Baba alikuwa nyuma na beseni lake, redio inamweleza kwamba mji umetulia. Ndipo tukasikia kilio kinatoka kona ya barabara. Kilikuwa kilio cha watu wengi, wanawake mbele, sauti zinapanda na kushuka, na kinakuja upande wetu.

"Mungu wangu!" baba akasema. "Kuko mutu alikufa pa jirani!"

Akazima redio, kwa heshima. Akajifunga kikwembe kiunoni, akatoka na miguu yake iliyolowa maji. Sasa lazima mjue kwamba baba yangu alijua kulia. Watu wa ziwani hawalii kwa aibu. Alifika barabarani, akakutana na wale watu, akaweka mikono kichwani na kuangua: "Ee ndugu yangu ee! Umetuachia nani ee!" Akageuka nao, akaingia nao katika lupango letu wenyewe, analia kuliko wote. Nadhani alifikiri wamekosea nyumba, na haikuwa saa ya kumrekebisha mtu.

Mimi nikatoka mlangoni na pasi mkononi. Bwana we! Mbele yangu alikuwa baba wa msichana, miwani mkononi, anatiririka machozi. Nyuma yake mke wake, na binti mwenyewe amejifunika kitambaa kichwani, na wanawake wa mtaa wao wamejitwika unga na makaa ya kupikia matanga. Habari ya kipara changu ilikuwa imetoka bombani, ikapita sokoni, ikawafikia Kenya wakiwa juu ya mizigo yao.

Na kufika kwetu haikuwa kazi ndogo. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari wa Katanga, na wiki ile mtu wa Kasai hakusogelea kizuizi ikiwa anaipenda roho yake. Askari walipowaona walishika bunduki. Wakauliza nani amekufa. "Buko yetu," wakajibu, yaani mkwe wetu, na wanawake hawakuacha kulia hata kidogo. Askari wakatazamana, wakainua gogo. Mbele kidogo wakamkuta kofia-buluu mmoja wa nchi ya baridi, ambaye jua letu lilikuwa limemmenya pua, naye akavua kofia akasimama wima mpaka wakapita. Haya yote niliyasikia baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mama mkwe ananijia mbio, mikono wazi.

Kama hujui mambo ya buko, hutaelewa hofu yangu. Kwetu mama wa mchumba wako humtazami usoni. Hamli mahali pamoja. Ukikutana naye njiani, wewe ndiye unaingia mtaroni mpaka apite, hata kama mtaro una maji. Sasa huyu mama aliona kipara, akaona yatima, akanirukia shingoni, akalaza kichwa kifuani pangu na kulia. Mimi nimesimama kama mti, mkono mmoja umenyoshwa mbali na pasi ya makaa nisimchome, natamani ardhi ipasuke initie ndani pamoja na pasi.

Baba yangu na baba wa msichana wao walikuwa wanalia bega kwa bega. Hawakuwa wameonana hata siku moja, kumbuka. Baba akamhurumia yule mgeni mwenye uchungu vile, akamshika bega.

"Kaza roho, baba. Marehemu alikuwa nani yako?"

"Buko yangu. Sikumuona ata mara moya. Alipashwa kuya kwangu kesho, tusemezane."

"Maskini! Kesho yenyewe? Na alikuwa mutu ya wapi?"

"Ya Pweto. Alifanya kazi ya reli."

Baba akapunguza kulia. "Ya Pweto? Mu hii avenue? Bantu ya Pweto mu hii avenue, iko miye tu." Akafikiri. "Nyumba yake ni gani?"

"Njo hii," akaonyesha kwa kidole.

Baba akaitazama nyumba. Akatazama unga, akatazama makaa. Kisha akageuka polepole akanitazama mimi, akapandisha macho mpaka juu.

"Ile kichwa," akasema.

Kilio kilikatika mara moja, kama bomba lililofungwa. Mama mkwe akajitoa kifuani pangu, akatambua amekumbatia nani, akapiga ukelele uliozidi vilio vyote vya kwanza, akajifunika uso na kukimbilia nyuma ya jiko. Binti alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika. Nilidhani bado analia. Kumbe anacheka, mikono miwili mdomoni, anacheka mpaka amekaa chini. Na hapo hapo jirani yetu wa bombani akaingia na viti vya waombolezaji, akamwona marehemu amesimama na kikwembe, akaviangusha vyote.

Baba wa msichana yeye hakucheka. Alivaa miwani yake.

"Munanichezea? Mu hii wiki? Nilipitisha bibi yangu na mutoto wangu mbele ya bunduki, kuya kulilia mutu muzima?" Akamwita mkewe. Akageukia njia.

Nilimwona anaondoka na Jumapili yangu, na binti yake, na kila kitu. Sijawahi kuogopa vile tena, na nimeona mengi ya kuogopa katika mji huu.

Baba ndiye aliyemzuia. Hakuomba radhi. Alisimama mbele yake na miguu yake iliyovimba, akamwuliza swali, kwa upole kabisa.

"Pa bariere, pale pa baaskari, uliogopa?"

"Niliogopa sana. Wazimu tu njo haogopi."

"Na bale balikuambia ya kama apa hauna ndugu?"

"Banasema kila siku."

"Sasa ulikuya kufanya nini?"

Yule mzee akafungua mdomo kwa hasira. "Si kilio ya buko yangu!" akasema.

Na akayasikia maneno yake mwenyewe. Wote tulimwona akiyasikia. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaitazama kama haioni. Kisha akaokota kiti kimoja cha jirani, akakisimamisha, akakaa.

Basi mchana ule ukawa hauna jina. Wanawake waliingia jikoni mwetu, wakatutukana kwa hali ya sufuria zetu, wakasonga bukari ya ule unga wa matanga. Mama mkwe alipelekewa kuku wa kumwondolea aibu, akamla nyuma ya jiko, mgongo akiwa amenigeuzia. Watu wa mtaa walizidi kuja kutoa pole, na baba aliwapokea mwenyewe mlangoni, na kila mmoja aliruka nyuma. Alianza kulifurahia jambo hilo. Kuna mmoja alimwona kwa mbali, akarudi alikotoka, na hakutusalimu tena.

Walipokuwa wanajiandaa kurudi kabla ya barabara kufungwa, baba wa msichana alimwita binti yake mbele yetu. Alimwuliza kama anataka kubaki. Binti akaitika, macho chini, sauti haikutetemeka. Baba yake akatikisa kichwa mara nyingi kukubali, akasema, "Atabakia. Padiri atabafungisha ndoa mbele ya kuenda kwetu. Kama nilikuwa na buko wa kulilia, mutoto wangu iko na kwao apa."

Kisha akamgeukia baba yangu. "Siku utakufa kweli, miye nitakuwa kule mbali. Sitaweza kuya. Ile kilio ya leo, uikamate. Njo yako."

Baba akainamisha kichwa, akashukuru. Halafu akasema, "Na ya kwako? Miye nitakulilia wapi?"

Hakungoja jibu. Akaweka mikono kichwani, hapo hapo mlangoni, akaanza kumlilia yule mzee aliyesimama mbele yake: "Ee buko yangu ee! Mutu ya miwani ee! Alipita mbele ya bunduki ee!" Tulicheka sana. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akimpiga baba kwenye mkono amwachie. Baba hakuacha. Aliendelea kwa sauti yake ya ziwani, na mmoja baada ya mwingine tukanyamaza, kwa sababu baba mkwe alikuwa amevua miwani na kuinamisha kichwa, anasikiliza. Baba akamlilia mpaka mwisho, bila kuruka kitu, kama inavyopaswa kufanywa kwa ndugu.

Waliondoka wiki iliyofuata, baada ya harusi yetu. Wazee wale wawili hawakuonana tena.